Kama seli inahitaji kuondoa protini mbovu, kwa nini dawa ya saratani izuie kazi hiyo?

Mwalimu wa Sakina, Arusha

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Arusha. Swali langu limenifikia kwa njia mbili katika wiki moja, darasani na nyumbani, nami nimeshindwa kulijibu kwa namna inayoniridhisha.

Darasani tulikuwa tunakamilisha mada ya protini: jinsi asidi amino zinavyoungana kuwa mnyororo, na jinsi mnyororo huo unavyojikunja hadi kupata umbo linaloipa protini kazi yake. Mwanafunzi mmoja akauliza protini ikishaharibika huenda wapi. Nilimweleza habari za lisosomu, kile kifuko chenye vimeng'enya ambacho Christian de Duve wa Ubelgiji alikitambulisha mwaka 1955, nikaongeza kwamba seli ikishindwa kujisafisha hulemewa na mabonge ya protini zilizoharibika, kama yanavyoonekana katika ubongo wa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Mwanafunzi aliridhika.

Siku tatu baadaye nilimsindikiza mama yangu mdogo kliniki mjini Moshi. Amegundulika kuwa na maiyeloma, ambayo ni saratani ya seli plazma zilizomo katika uboho wa mifupa. Daktari alitueleza kwa upole, na kwa Kiswahili kizuri, kwamba ataanzishiwa, pamoja na dawa nyingine, sindano iitwayo bortezomibu inayochomwa chini ya ngozi, na kwamba kazi ya dawa hiyo ni kuizuia seli isivunjevunje protini zake mbovu. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa. Mimi nilibaki nimeduwaa. Kile nilichowafundisha vijana kuwa ni chanzo cha maradhi ndicho kinachotolewa kama tiba.

Naomba anayefahamu anifafanulie. Je, dawa hii inazuia kazi ya lisosomu, au ipo njia nyingine ya uvunjaji ambayo sikuifundisha? Kwa nini kuzuia usafi huo kuiue seli ya saratani na kuziacha seli zenye afya? Na je, saratani yenyewe inaweza kutokana na hitilafu katika uvunjaji wa protini? Ninauliza kwa ajili ya darasa, na zaidi kwa ajili ya mama mdogo, ambaye kila jioni hunitaka nimweleze dawa itafanya nini mwilini mwake, naye si mtu wa kukubali jibu la kumtuliza tu.

Mtafiti wa Tengeru

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa kuuguza. Nafanya kazi katika maabara ya baiolojia ya molekuli huku Tengeru, na swali hili ndilo lililonivuta katika fani, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikirefusha.

Jibu ulilompa mwanafunzi ni la kweli, ila ni la njia moja kati ya mbili. Lisosomu hupokea mizigo mikubwa: vitu vilivyomezwa kutoka nje ya seli, na hata mitokondria nzima iliyochakaa, ambayo hufungwa ndani ya utando na kupelekwa huko. Mwenendo huo wa seli kujila sehemu zake huitwa otofajia, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuubainisha akitumia hamira. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayoguswa na dawa ya mama mdogo, hushughulikia protini mojamoja, tena kwa kuchagua.

Njia hiyo iligunduliwa kwa sababu ya jambo moja lililokuwa likiwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Kumeng'enya protini, kama nyama inavyomeng'enywa tumboni, ni tendo lisilohitaji nishati ya ATP. Hata hivyo, tangu mwaka 1953 ilijulikana kwamba seli hai hutumia nishati kuvunja protini zake yenyewe. Kwa nini ulipie kubomoa? Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, huko Haifa nchini Israeli, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, walilifuatilia swali hilo katika seli changa za damu nyekundu za sungura, ambazo hazina lisosomu na bado huvunja protini bila shida. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wameonyesha kwamba protini inayokwenda kuvunjwa hupachikwa kwanza protini nyingine ndogo, yenye asidi amino 76 tu, iitwayo yubikuitini. Nishati ile ilikuwa inalipia uchaguzi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Upachikaji hufanywa na vimeng'enya vya hatua tatu. Cha kwanza huiamsha yubikuitini kwa kutumia ATP, cha pili huibeba, na cha tatu huitambua protini inayostahili kuondoka na kusimamia ibandikwe alama. Binadamu ana aina 2 tu za kile cha kwanza, kiasi cha 40 za kile cha pili, na zaidi ya 600 za kile cha tatu. Utaona mwenyewe kwamba hekima yote ya mfumo iko katika hatua ya mwisho, kwa wale wanaojua nani ni nani. Kwa kawaida protini hubandikwa mnyororo wa yubikuitini nne au zaidi ndipo iende kwenye proteasomu.

Proteasomu yenyewe ni kama pipa lililojengwa kwa pete nne zilizopandana, kila pete ikiwa na vipande saba, na makali yake yamewekwa ndani kabisa ili yasizidhuru protini zinazopita nje. Mlango ni mwembamba mno kwa protini iliyojikunja, hivyo kifuniko cha pipa hulazimika kuifumua kwanza, na hapo pia nishati hutumika. Darasani ningewataka vijana wamfikirie fundi anayenunua sweta la mtumba lililotoboka: halichomi moto, bali hutafuta ncha ya uzi, akalifumua lote, akafuma kingine. Yubikuitini hubanduliwa mlangoni ikatumike tena, na protini hutoka upande wa pili ikiwa vipande vya asidi amino 3 hadi 25, ambavyo hukatwa zaidi hadi zibaki asidi amino mojamoja. Mwili wa mtu mzima huvunja na kuunda upya kiasi cha gramu 300 za protini kwa siku, nyingi kuliko anazokula, na hilo linawezekana kwa kuwa uzi wa zamani hufumwa tena.

Sasa, Mwalimu, naomba tuliweke kando neno "mbovu", kwa sababu nadhani ndilo linalotupoteza. Proteasomu huvunja protini zilizoharibika, ni kweli, lakini huvunja pia protini nzima kabisa ambazo muda wake umekwisha, na huko ndiko saratani inakoingilia. Chukua p53, protini inayosimamisha seli isigawanyike pale DNA yake inapojeruhiwa. Katika seli tulivu p53 huundwa kila wakati na kuvunjwa kila wakati. Nusu yake hutoweka katika dakika 20 hivi, kwa kuwa kimeng'enya kiitwacho MDM2 huibandika alama bila kuchoka. DNA ikijeruhiwa, MDM2 huzuiwa kuishika, p53 hujaa ndani ya seli, na seli husimama ijitengeneze au ijiue. Takriban nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika. Lakini zipo saratani, zikiwemo baadhi ya zile za tishu laini na mafuta, ambamo jeni ya p53 ni salama, na tatizo ni kwamba seli imejaza MDM2 kupita kiasi: mlinzi anaajiriwa na kufukuzwa kabla hajafika lindoni.

Kinyume chake pia hutokea. MYC ni protini inayoisukuma seli ikue, na kwa sababu hiyo imepewa maisha mafupi, nusu saa au pungufu. Katika uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, jeni ya MYC imehamishwa mahali pake na huamriwa kuzalisha bila kukoma. Na katika wagonjwa kadhaa, juu ya hayo, imebadilika palepale ambapo kimeng'enya cha kubandika alama hushikilia. Protini ya kusukuma ukuaji inabaki kazini kwa muda usio wake. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni ndiyo, kwa njia zote mbili: mlinzi kuondolewa mapema, na msukumaji kuachwa akae mno.

Nimalizie na la mama mdogo. Seli plazma ni kiwanda cha kingamwili; hutengeneza kingamwili kwa wingi usio na mfano katika seli nyingine, na kazi ya wingi namna hiyo huzalisha nakala nyingi zilizokunjwa vibaya. Seli ya maiyeloma hurithi kazi hiyo na kuifanya mfululizo, hivyo proteasomu zake ziko karibu na ukomo wa uwezo wake siku zote. Bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ina atomu ya boroni inayonasa kwenye makali ya proteasomu. Seli ya kawaida huvumilia kupungukiwa kwa muda. Ya maiyeloma hufurikwa na protini zake yenyewe, ikajiua. Si kwamba seli zenye afya haziguswi. Zinaguswa, ila zina nafasi ya kupumua ambayo ile nyingine haina.

Tabibu wa Himo

Mwalimu, pole sana. Mtafiti ameeleza vizuri, nami nitaongeza mfano mmoja ambao vijana wetu wanaoishi chini ya Mlima Kilimanjaro wataushika upesi kuliko wa vijana wa mahali pengine popote.

Ipo protini iitwayo HIF, ambayo huamuru mwili ujitengeneze kwa ajili ya upungufu wa oksijeni: uongeze damu nyekundu, uote mishipa midogo ya damu, ubadilishe namna ya kutumia sukari. Kinyume na tunavyotarajia, seli haisubiri oksijeni ipungue ndipo ianze kuiunda. Huiunda muda wote, hata kwako ukiwa umekaa Sakina, na kuivunja ndani ya dakika chache. Kinachoiwezesha kubandikwa alama ni oksijeni yenyewe: kimeng'enya hutumia oksijeni kuitia HIF badiliko dogo, na badiliko hilo ndilo protini iitwayo VHL huliona na kuiita yubikuitini. Mpagazi akipanda kuelekea kilele cha mita 5,895, oksijeni inayofika katika seli hupungua, badiliko halitiwi, VHL haioni kitu, na HIF husalimika na kuanza kutoa amri. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kulifumbua jambo hili. Mimi huona ni la ajabu kwamba mwili uliamua kuunda na kuharibu bila kukoma, kwa gharama yote hiyo, ili siku hewa ikiwa nyembamba usipoteze hata saa moja kujiandaa.

Sasa fikiria figo ya mtu aliyerithi jeni ya VHL yenye hitilafu, na katika seli moja nakala ya pili nayo ikaharibika. Seli hiyo ina oksijeni tele, lakini HIF haiondolewi, basi huishi kana kwamba iko kileleni mchana na usiku: huita mishipa ya damu, hubadilisha ulaji wake wa sukari, hukua. Ndiyo sababu saratani ya figo ya aina hiyo huwa na damu nyingi sana inapokatwa. Katika wagonjwa wengi wa saratani hiyo wasiorithi lolote, VHL pia huwa imepotea. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo belzutifani, inayoizuia moja ya protini za jamii ya HIF, kwa wagonjwa waliorithi hitilafu hiyo.

Nimeleta mfano huu kwa sababu hapa hakuna protini iliyoharibika hata moja katika ile inayovunjwa. HIF ni nzima, ilipaswa kuondoka, na aliyepaswa kuionyesha mlango hayupo.

Muuguzi wa Pasua, Moshi

Mwalimu, mfikishie mama mdogo salamu zangu na umwombee kwangu uvumilivu. Mimi ni muuguzi, sina utaalamu wa maabara, lakini nina mambo mawili.

La kwanza ni la darasa lako, hasa kwa wasichana. Virusi vya HPV, vile vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hutumia njia hiihii iliyoelezwa hapo juu. Virusi hivyo vina protini iitwayo E6, ambayo hukishika kimeng'enya cha kubandika alama cha mwanamke mwenyewe na kukigeuzia p53, ambayo kwa kawaida si kazi yake. Jeni ya p53 ya mwanamke huyo huwa haina kasoro. Mlinzi huundwa kila siku, na kila siku huondolewa kwa mashine ya nyumba yake mwenyewe. Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza katika mafunzo kazini nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimewauguza wanawake wengi wa ugonjwa huu, ambao ndio unaoongoza kwa saratani za wanawake nchini kwetu. Aina mbili za HPV, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizo, na zote mbili zimo katika chanjo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitangulia kwa majaribio ya chanjo hiyo mwaka 2014, nchi nzima ikafuata mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 msichana huchanjwa dozi moja. Wanafunzi wako wamo katika kizazi hicho. Waambie kilichozuiwa ndani ya seli zao ni nini. Wengi walinyoosha mkono wachomwe bila kuelezwa.

La pili ni la nyumbani. Bortezomibu huweza kuleta ganzi, au maumivu ya kuchoma kama pilipili, kwenye nyayo na vidole. Wagonjwa wetu, hasa wazee, hulinyamazia jambo hili wakidhani ni uzee au wakiogopa dawa isisimamishwe. Alitaje mapema, maana daktari anaweza kupunguza kiasi au kutenganisha zaidi siku za sindano, na ganzi iliyoachwa muda mrefu huweza kubaki. Dawa hii pia huamsha mkanda wa jeshi kwa urahisi, kwa hiyo akipewa vidonge vya kuuzuia asiviache.

Tena, muulize kwa upole anakunywa nini pembeni. Utafiti wa maabara na wa panya uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kiambata kimojawapo cha chai ya kijani hujishikiza kwenye ile boroni ya bortezomibu na kuizuia isifanye kazi. Vitamini C kwa wingi nayo huingiliana nayo. Namaanisha chai ya kijani na hasa vidonge na unga wa majani yake vinavyouzwa kama tiba. Chai yetu ya maziwa sijaisema. Mimi huwaomba ndugu walete kliniki kila chupa na kila pakiti iliyoko nyumbani, mlonge, mshubiri na vingine vyote, daktari avione, kwa sababu mgonjwa anayeletewa na jirani dawa za asili huona haya kuzitaja.

Mwalimu wa Sakina, Arusha

Mmenifanyia wema mkubwa. Jana jioni nilimweleza mama mdogo habari za sweta na za seli yenye kazi nyingi kuliko uwezo wake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda chumbani akarudi na kopo la unga wa chai ya kijani aliloletewa na mtoto wa jirani kutoka mjini. Dada Muuguzi, kopo hilo liko mezani kwangu sasa, na litakwenda kliniki.

Nina maswali mawili yaliyobaki, moja langu na moja lake. Langu: kama virusi viliweza kukigeuza kimeng'enya cha alama kiishike protini isiyo yake, je, sisi hatuwezi kufanya hivyo kwa faida, tukakielekeza kwenye protini inayolisha saratani? Lake: kwa nini sindano hazichomwi kila siku mfululizo yaishe? Safari ya Moshi humchosha, na angependa apangiwe zote katika wiki moja.

Mtafiti wa Tengeru

La kwako, Mwalimu, limekwishafanyika, na kwa kuanzia lilifanyika bila mtu kujua. Thalidomaidi ilitolewa kwa wajawazito mwishoni mwa miaka ya 1950 kutuliza kichefuchefu, ikaondolewa mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa wakiwa na mikono au miguu isiyokamilika. Baadaye ilionekana kuwa inafaa kwa maiyeloma, na dawa ya jamii yake, lenalidomaidi, ikawa miongoni mwa tiba kuu za ugonjwa huo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waligundua kwamba thalidomaidi hunasa kwenye serebloni, ambayo ni sehemu ya kimeng'enya cha kubandika alama. Mwaka 2014 ikabainika kwamba lenalidomaidi, ikikaa hapo, hukifanya kimeng'enya hicho kiziandame protini mbili, Ikaros na Aiolos, ambazo seli ya maiyeloma haiwezi kuishi bila hizo. Leo wapo wanaobuni kwa makusudi molekuli zenye ncha mbili, ncha moja ikishika kimeng'enya cha alama na nyingine ikishika protini inayotakiwa iondoke. Mama mdogo akipewa vidonge vya jamii hii, visiguswe na mwanamke mjamzito wala anayetarajia kuwa mjamzito, kwa sababu madhara yale ya miaka ya 1950 hutokana na dawa kuelekeza alama kwenye protini ambazo kijusi huzihitaji.

La mama mdogo ni rahisi zaidi, nawe unaweza kumjibu jioni hii. Bortezomibu hunasa kisha huachia, na proteasomu katika damu hurejea kazini polepole baada ya kila sindano. Ndiyo sababu kati ya sindano na sindano lazima zipite angalau saa 72, na wagonjwa wengi hupangiwa mara moja kwa wiki. Saa hizo ni za seli zake nzima: za neva, za uboho, za utumbo, ambazo zimekusanya protini zisizovunjwa na sasa zinahitaji kuziondoa kabla sindano nyingine haijaja. Seli ya maiyeloma nayo hupewa saa hizohizo, lakini mzigo wake ni mkubwa mno kwa muda huo. Zikichomwa zote kwa wiki moja, tofauti hiyo kati ya seli yake na ya ugonjwa ingepotea, na tofauti hiyo ndiyo tiba yenyewe.